Maisha ya David Huffman, Mwanafunzi Aliyetufundisha Kubana Maandishi

Katika magazeti ya shule mara nyingi twasoma maisha ya wafalme, majemadari na wasafiri waliofika nchi za mbali. Leo nawaletea habari za mtu wa namna nyingine. Hakuongoza jeshi, hakutawala nchi, wala hakusifiwa kwa utajiri. Alikuwa mwanafunzi kama wasomaji wengi wa gazeti hili, akakabiliwa na mtihani kama ninyi, na kama wengi wenu akatamani kuuepuka. Jina lake ni David Huffman. Wasomi wa kompyuta duniani kote hulijua jina hilo vizuri sana, na kazi ya akili yake hupita mikononi mwetu kila siku bila sisi kufahamu.

Nitaanza na jambo ambalo wengi wenu mmeliona katika chumba cha kompyuta. Mwanafunzi ana folda iitwayo insha, na ndani yake mna insha za darasa zima. Anataka kuzituma kwa mwalimu kwa njia ya intaneti, lakini ni nyingi, nazo ni nzito, na fedha ya intaneti ni kidogo. Basi anafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, anaandika mstari mmoja tu:

zip -r insha.zip insha

Anabonyeza kitufe, na kufumba na kufumbua folda nzima imekuwa faili moja dogo. Mwalimu akiipata huandika naye mstari wake, unzip insha.zip, na mara insha zote hurudi kama zilivyokuwa. Hakuna herufi iliyopotea, wala nukta, wala mkato.

Sasa mwenye akili atauliza: ule uzito uliopungua ulikwenda wapi? Kama tuliutupa, mbona maandishi yamerudi yote? Na kama hatukuutupa, mbona mzigo umekuwa mwepesi? Jibu la swali hilo ndiyo habari ya maisha ya Bwana Huffman.

David Albert Huffman alizaliwa Marekani tarehe 9 Agosti, 1925, naye ni mwenyeji wa jimbo la Ohio. Tangu ujana wake alikuwa mwepesi wa kushika masomo. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 18, alipata shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Wakati huo vita vya pili vya dunia vilikuwa havijakwisha, naye akaingia katika jeshi la majini. Alifanywa afisa wa kutunza mitambo ya rada katika manowari. Vita vilipokwisha manowari yake ilisaidia kuondoa mabomu yaliyokuwa yametegwa baharini katika maji ya Japani na China, ili vyombo vya watu vipite salama. Kisha alirudi Ohio, akasoma tena, na mwaka 1949 akapata shahada ya pili. Baada ya hapo alikwenda katika chuo mashuhuri cha ufundi cha Massachusetts, ambacho watu hukiita MIT, ili kutafuta shahada ya udaktari.

Siku hizo kulikuwa na elimu mpya iliyokuwa ikizungumzwa sana na wasomi wa umeme na simu. Mwaka 1948 bwana mmoja aitwaye Claude Shannon, mfanyakazi wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell, alichapisha maandishi yaliyoonyesha kwamba habari yaweza kupimwa kwa hesabu, kama vile sukari inavyopimwa kwa mizani. Alionyesha pia kwamba kila habari ina mpaka wake wa kupunguzwa: yaweza kubanwa mpaka kipimo fulani, na ukizidisha hapo lazima kitu kipotee. Lakini kujua kwamba mpaka upo ni jambo moja, na kuijua njia iliyo bora ya kubana ni jambo jingine.

Ili tuelewe shida iliyokuwako, yafaa tujue namna kompyuta inavyoandika. Kompyuta haijui A wala B. Yenyewe inajua mambo mawili tu, 0 na 1, kama taa inayozimwa na kuwashwa. Kila alama moja ya namna hiyo huitwa biti. Katika maandishi ya kawaida ya kompyuta kila herufi ya Kiswahili huchukua biti 8, haidhuru iwe A, ambayo haikosekani katika sentensi yoyote, au iwe Z ambayo huonekana mara chache. Ni kama mwenye duka anayefunga bidhaa zake zote katika magunia ya ukubwa mmoja, gunia moja la mahindi, na gunia jingine kama lile lile la sindano moja. Mzigo utakuwa mkubwa bure.

Wazee wetu waliowahi kupeleka simu ya maandishi posta watalielewa jambo hili upesi. Kila neno lililipiwa, kwa hiyo mtu hakuandika salamu ndefu, bali aliandika maneno machache yaliyobeba habari yote. Hata alama za Morse, zilizotumika katika simu zile, zilitengenezwa kwa busara hiyo hiyo: herufi E, itumikayo mno katika Kiingereza, ilipewa nukta moja tu, na herufi zilizo adimu zikapewa alama ndefu. Basi wazo la kuipa herufi ya kawaida alama fupi, na herufi adimu alama ndefu, halikuwa geni. Shida ilikuwa mbili. Kwanza, alama zisichanganyikane. Tukisema A ni 0, na H ni 00, mtu akipokea 00 atajuaje kama ni A mbili au H moja? Kwa hiyo haifai alama ya herufi moja iwe mwanzo wa alama ya herufi nyingine. Pili, na hii ndiyo iliyokuwa ngumu kabisa: mtu atajuaje kwa hakika kwamba alama alizozitunga ndizo fupi kupita zote ziwezekanazo, na kwamba hakuna mwingine atakayekuja kesho na zilizo fupi zaidi?

Katika MIT elimu hiyo ilifundishwa na mwalimu Robert Fano, mzaliwa wa Italia. Yeye mwenyewe alikuwa amebuni njia yake. Aliziandika herufi kwa mpango, kuanzia ile itumikayo sana mpaka ile adimu, kisha akaikata orodha katika makundi mawili yenye uzito uliokaribiana, na kila kundi akalikata tena, hivyo hivyo kutoka juu kwenda chini mpaka kila herufi ibaki peke yake. Njia hiyo ilikuwa nzuri, wala si mara zote iliyo bora kabisa. Shannon naye alikuwa ameishughulikia shida hiyo, na yeye pia hakuipata njia isiyokosea.

Mwaka 1951 Mwalimu Fano aliwapa wanafunzi wake hiari. Atakaye atafanya mtihani wa mwisho, na asiyetaka mtihani ataandika insha kubwa juu ya swali moja kati ya maswali aliyoyatoa. Swali mojawapo lilikuwa hili la kutafuta njia bora ya kuandika herufi na tarakimu kwa 0 na 1. Likisomwa huonekana kama swali jepesi. Mwalimu hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amehangaika nalo asilimalize. Huffman alikuwa na umri wa miaka 25. Alilipenda swali hilo, naye alitaka kuepukana na mtihani, basi akalichukua.

Akaanza kazi. Alifikiri jambo likampendeza, akalijaribu, akaona lina kasoro. Alijaribu jingine, likafaa kwa mifano yake, lakini alipotaka kuthibitisha kwamba haliwezi kushindwa na jingine lolote, akakwama. Miezi ikapita. Karatasi zikajaa mezani, na siku ya mtihani ikawa inakaribia. Hapo ndipo alipokuwa katika hatari ya kweli. Ukiacha mtihani na insha yako isikamilike, umekosa yote mawili. Akaona afadhali akubali kushindwa mapema, arudi kwenye madaftari yake ajisomee kama wenzake.

Basi akazichukua karatasi zake ili azitupe katika kapu la taka. Na katika kuzitupa kule, jibu likamjia ghafula, lote kamili. Baadaye katika maisha yake alisimulia kwamba lilikuwa jambo la ajabu kuliko yote yaliyompata, kuona mambo yakijipanga ghafula akilini mwake. Alikiri pia kwamba kama angalijua kuwa mwalimu wake na Bwana Shannon wamelishughulikia swali lile bila kufaulu, labda asingalithubutu kulijaribu.

Alikuwa ameona nini? Aliona kwamba wote walianza upande usiofaa. Walianza juu wakashuka chini. Yeye alianza chini, na zile herufi ndogo zisizohesabiwa na mtu. Nitaonyesha njia yake kwa mfano wa Kiswahili, nanyi chukueni kalamu mfuate.

Tutumie methali tuijuayo sote: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Tukiacha nafasi zilizo kati ya maneno, methali hii ina herufi 23. Tukizihesabu twapata A mara 11, H mara 3, R mara 3, K mara 3, na I, N na B mara moja moja.

Sasa chukua herufi mbili zilizo chache kupita zote, uzifunge pamoja kama furushi moja. Tuchukue B na N. Furushi lao lina uzito wa 2. Tazama tena vilivyo vidogo kupita vyote: ni I yenye 1, na furushi lile lenye 2. Vifunge pamoja, uzito ni 3. Sasa tuna A yenye 11, na vitu vinne vyenye 3 kila kimoja. Funga H na R, upate 6. Funga K na lile furushi la I, B na N, upate 6 nyingine. Funga hizo 6 mbili, upate 12. Mwisho funga 12 na A yenye 11, upate 23, yaani methali yote. Kazi imekwisha. Umejenga kitu kama mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini.

Baada ya hapo kila penye njia panda weka 0 upande mmoja na 1 upande wa pili, kisha soma kutoka juu kushuka mpaka kwenye herufi. Twapata hivi:

A ni 0
H ni 100
R ni 101
K ni 110
I ni 1110
B ni 11110
N ni 11111

Tazameni vizuri. Hakuna alama iliyo mwanzo wa alama nyingine, kwa hiyo hapahitajiki nafasi wala mkato katikati. Neno HARAKA ni 100010101100, na mwenye orodha hii hawezi kulisoma vingine. Jaribuni wenyewe muone. Na uzito je? Kwa desturi ya kompyuta herufi 23 za biti 8 ni biti 184. Hata tukipunguza na kuzipa herufi hizi saba biti 3 kila moja, ni biti 69. Kwa njia ya Huffman ni biti 52 tu. Wala hatukutupa chochote isipokuwa nafasi iliyokuwa tupu ndani ya magunia. Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo.

Uzuri mkubwa wa njia hii ni kwamba Huffman aliweza kuithibitisha kwa hesabu. Maadamu kila herufi inapewa alama yake yenyewe, na tumeshajua kila herufi hutokea mara ngapi, hakuna atakayepata alama zenye jumla iliyo fupi zaidi. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu wake. Insha yake ilichapishwa mwezi Septemba 1952 katika jarida la chama cha wahandisi wa redio wa Marekani, na mpaka leo husomwa na wanafunzi wa kompyuta kila mahali.

Mwaka 1953 Huffman alipata udaktari wake hapo hapo MIT kwa utafiti mwingine juu ya mitambo ya umeme ya kuwasha na kuzima, na mwaka 1955 utafiti huo ulimpatia nishani ya Taasisi ya Franklin. Alibaki MIT akifundisha mpaka mwaka 1967, alipohamia Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz. Chuo hicho kilikuwa kichanga, naye akasaidia kuianzisha idara ya elimu ya kompyuta, akaiongoza kuanzia 1970 mpaka 1973. Alistaafu mwaka 1994, lakini hata baada ya hapo aliendelea kufundisha.

Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo nataka wazazi na walimu walisikie. Huffman hakujipatia hataza juu ya uvumbuzi wake, yaani ile haki ya serikali inayomzuia mtu mwingine kutumia uvumbuzi bila kulipa. Kila kampuni na kila mwanafunzi alitumia njia yake bure. Alipoulizwa juu ya mambo hayo alikuwa akieleza kwamba mazao yake ni wanafunzi wake. Tunaweza kuona faida ya ukarimu huo tukitazama habari ya njia nyingine ya kubana, iliyoitwa LZW, iliyochapishwa mwaka 1984. Hiyo ilikuwa na hataza. Mwishoni mwa mwaka 1994 kampuni ya Unisys, iliyokuwa na hataza hiyo, ilitangaza kwamba watengenezaji wa programu za picha zinazotumia njia ile watadaiwa ada. Ugomvi mkubwa ukatokea, na watu wakaanza kutengeneza aina mpya ya picha isiyo na deni, iitwayo PNG, ambayo ndani yake imo njia ya Huffman.

Katika miaka hiyo Huffman alipendezwa pia na kazi ya kukunja karatasi. Msidhani ni mchezo wa watoto. Alichunguza kwa hesabu namna karatasi moja inavyoweza kukunjwa kwa mikunjo iliyopinda, bila kuikata wala kuibandika, ikawa maumbo mazuri kama minara na makombe. Mwaka 1976 aliandika makala mashuhuri juu ya elimu hiyo. Yule aliyefundisha kukunja maneno alizeeka akikunja karatasi.

Huku nyuma kazi yake ya ujana ilikuwa ikisafiri. Mwaka 1977 wasomi wawili wa Israeli, Jacob Ziv na Abraham Lempel, walitoa njia ya kutambua maneno yanayojirudia. Turudi kwenye methali yetu. Neno HARAKA limeandikwa mara mbili. Ya nini kuliandika tena? Yatosha kusema: rudi nyuma hatua 7, nakili herufi 6. Mmarekani Phil Katz, aliyetoa programu yake ya zip mwaka 1989, aliziunganisha njia hizo mbili katika toleo la mwaka 1993: kwanza maneno yanayojirudia hufupishwa kwa kurudi nyuma, kisha kilichobaki hubanwa kwa alama za Huffman. Muungano huo huitwa Deflate. Programu ya gzip, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler, nayo iliutumia. Mwaka 1996 maelezo rasmi ya Deflate yalipotolewa kwa watumiaji wa intaneti, yalipewa namba 1951 katika mfululizo wa nyaraka zao. Ilitokea hivyo kwa bahati tu, lakini ni mwaka ule ule Huffman alipotaka kuzitupa karatasi zake.

Kwa faida ya wale wanaotumia kompyuta zenye mfumo wa Linux, nitaeleza kidogo amri zenyewe, ili somo hili lisibaki maneno matupu. Programu ya tar ni ya zamani, ya siku ambazo habari zilihifadhiwa katika kanda za sumaku. Kazi yake ni kukusanya faili nyingi kuwa furushi moja, yenyewe haibani. Ubanaji hufanywa na gzip. Ukiandika

tar -czf insha.tar.gz insha

herufi c huamuru furushi jipya liundwe, z huamuru libanwe kwa gzip, na f husema kwamba jina la furushi linafuata. Kulifungua, weka x mahali pa c:

tar -xzf insha.tar.gz

Lakini kabla ya kufungua furushi la mtu mwingine yafaa kutazama kwanza kilichomo. Andika tar -tzf insha.tar.gz, au kwa zip andika unzip -l insha.zip, nawe utaonyeshwa orodha bila kitu chochote kutolewa. Jambo hili si la kupuuzwa. Unzip ikikuta faili lenye jina lile lile hukuuliza kwanza kama ilifute, bali tar ya Linux kwa kawaida haiulizi. Huweka jipya juu ya la zamani, na kazi yako ya wiki nzima ikapotea. Jihadharini pia na gzip ikitumiwa peke yake: hulibana faili na kuliondoa lile la asili, likabaki lile lenye mwisho wa gz.

Tena msistaajabu mkibana picha za simu na kuona uzito haukupungua. Picha za aina ya JPEG zimekwisha kubanwa zilipopigwa, na mara nyingi kwa alama hizo hizo za Huffman; hata nyimbo za MP3 ni hivyo. Nguo iliyokwisha kukamuliwa haitoi maji. Na faili dogo sana lenye maneno mawili matatu laweza hata kuongezeka, kwa sababu pamoja na maneno hayo lazima furushi libebe jina la faili na maelezo mengine ya kulifungulia.

Heshima zilimjia Huffman uzeeni. Mwaka 1998 wasomi wa elimu ya habari walimtunukia tuzo ya miaka 50 ya elimu hiyo kwa ajili ya uvumbuzi wake wa njia ya kubana, na mwaka 1999 alipewa nishani iitwayo kwa jina la Richard Hamming. Lakini mwaka huo huo alikuwa mgonjwa wa saratani. Baada ya kuugua kwa miezi kumi alifariki dunia tarehe 7 Oktoba, 1999, akiwa na umri wa miaka 74.

Ndugu wanafunzi, msije mkasema kwamba gazeti limewafundisha kuikimbia mitihani. Huffman hakuukimbia mtihani ili alale. Alichukua kazi iliyokuwa ngumu zaidi ya mtihani wenyewe, akaifanya kwa miezi mingi bila kuona matunda. Na jibu lililomjia kandoni mwa kapu la taka halikutoka hewani. Lilikuwa limeandaliwa na kila jaribio lililoshindwa katika zile karatasi. Kama asingalizijaza kwanza, asingalikuwa na kitu cha kutupa wala cha kuvumbua. Mwenzako akiwa amesoma swali moja mara kumi na halijampa jibu, usimcheke, na wewe ukiwa ndiye yule, usizitupe karatasi zako upesi.

Wazazi nao wanaoona mtoto akikaa na hesabu moja jioni nzima, wasidhani anapoteza mafuta ya taa au umeme. Haraka haraka haina baraka: wazee waliisema methali hii zamani, na sasa tunajua hata idadi ya biti zake.